Steroidi mbili kwa mgonjwa mmoja wa utumbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Maswali haya yanaletwa dirishani kwetu na wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu ya utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na vidonda vya utumbo mpana, au na ndugu wanaowachukulia dawa. Mimi ni mfamasia, kazi yangu iko Unguja, na wengi ninaowahudumia wanatoka shamba na Pemba. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiko watu wanakoumia. Hakuna jibu hapa linalochukua nafasi ya daktari aliyekupima.

Kaka yangu aliyeko Maskati ameniletea budesonaidi. Hospitali ya hapa nimepewa prednisoloni. Nimeze zote mbili?

Usizimeze pamoja kwa uamuzi wako. Zote ni steroidi, yaani dawa za kuzima uvimbe zinazofanana na kotisoli, homoni inayotengenezwa na mwili wenyewe. Ukimeza prednisoloni ya miligramu 40, ambayo ni vidonge 8 vya miligramu 5, utumbo wako tayari unapata nguvu yote inayotarajiwa kwa dawa ya aina hii. Budesonaidi juu yake haikuponyeshi haraka. Inakuongezea madhara, na siku ya kupunguza dawa hakuna atakayejua unapunguza kipi.

Budesonaidi ni dawa nzuri kwa mahali pake. Imevikwa ganda linaloyeyuka mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana. Inafanya kazi palepale, kisha ini linavunja karibu asilimia 90 ya dawa kabla haijasambaa mwilini. Ndiyo maana madhara yake huwa madogo kuliko ya prednisoloni. Kipimo cha kawaida ni miligramu 9 mara moja asubuhi, kwa wiki 8 hivi, kwa Crohn isiyo kali iliyokaa upande huo wa utumbo. Ipo aina nyengine iliyotengenezwa ifunguke kwenye utumbo mpana, kwa wenye vidonda huko. Kwa hiyo boksi la mwenzako, hata likiwa na jina hilohilo, huenda lisiwe dawa yako. Na usitafune wala kusaga, maana ganda likivunjika dawa inamalizika kabla ya kufika inakotakiwa.

Asilimia 10 inayobaki nayo ni dawa. Mwenye ini lililoharibika inampitia nyingi zaidi ya hapo.

Mpelekee daktari boksi lenyewe. Maboksi ya Oman mara nyingi yana Kiarabu upande mmoja, na jina la dawa na miligramu kwa herufi za Kilatini upande wa pili. Ukituma picha ya upande mmoja unatukosesha nusu ya habari. Akiona inakufaa atakuhamisha kwa mpango: prednisoloni inapungua hatua kwa hatua, budesonaidi inaingia, na tarehe zinaandikwa.

Kwa nini madaktari wanategemea steroidi kwa maradhi haya?

Kwa sababu zinazima moto wa utumbo haraka. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Uingereza, Truelove na Witts, walichapisha matokeo ya jaribio lao: wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana waliopewa kotisoni, ambayo ni steroidi, walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hadi leo mgonjwa anayetoka damu sana huanzia hapo. Lakini utafiti uliofuata ulionyesha pia kwamba steroidi hazizuii ugonjwa usirudi. Ni dawa ya kuzima, kisha zinatoka, zinabaki dawa nyengine za kulinda. Mtu aliyekaa na prednisoloni mwaka mzima bila ya mpango wa kuiacha anatakiwa arudi kwa daktari aulize, tena kwa sauti, mpango wenyewe ni upi.

Kuna wakati daktari mwenyewe anachanganya?

Ndiyo. Mwenye vidonda vilivyofika karibu na njia ya haja kubwa anaweza kupewa vidonge vya kumeza pamoja na enima au povu la steroidi la kuingiza nyuma, kwa sababu dawa ya kumeza peke yake haitoshi kule chini. Mgonjwa wa pumu anaendelea na pampu yake. Aliyelazwa akachomwa haidrokotisoni kwenye mshipa, mara nyingi miligramu 100 kila baada ya saa 6, anahamishiwa vidonge vya prednisoloni anapopata nafuu. Huko ni kubadilisha, kwani sindano inasimama vidonge vinapoanza.

Katika hali zote hizo yupo mtu mmoja anayejua jumla. Hatari inaanza pale daktari wa tumbo anajua kimoja, wa ngozi anajua kingine, na duka la dawa limeuza cha tatu.

Natumia prednisoloni peke yake. Nina haja gani ya kuogopa mchanganyiko?

Hili ndilo swali ninalotaka ulisome taratibu. Mama mmoja wa makamo alituambia anatumia steroidi moja tu. Nikamuomba atoe kila kilichomo kwenye mkoba. Kikatoka kipakti cha prednisoloni, pampu ya pumu ya rangi ya kahawia, tyubu ya krimu iliyokunjwa kutoka mkiani mpaka shingoni, na karatasi ya hospitali inayoonyesha alichomwa sindano ya goti wiki mbili nyuma. Vyote vinne vilikuwa steroidi. Hakutudanganya. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Krimu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Nyingi za kung'arisha ngozi, na mikorogo inayochanganywa kwenye vikopo, zina klobetasoli au betamethasoni. Ukiwa na tyubu, tafuta kwenye maandishi madogo jina linaloanza na clob au beta. Klobetasoli ni katika steroidi za ngozi zenye nguvu kuliko zote. Gramu 2 kwa siku zimeonekana kutosha kuzilaza tezi za mwili zinazotengeneza kotisoli. Tyubu ya gramu 30 ikikuishia ndani ya wiki moja, unajipaka zaidi ya gramu 4 kwa siku. Na usiku wa kuamkia harusi watu wanajipaka mwili mzima. Bi harusi mwenye Crohn anayemeza prednisoloni na kujipaka krimu hiyo anapokea dawa ambayo daktari wake hajaihesabu.

Sindano nazo zisipite bila kuulizwa. Deksamethasoni huchomwa kwa mzio, kwa kikohozi, kwa maumivu, mahali pengine hata bila ya mgonjwa kuambiwa jina. Miligramu 0.75 za deksamethasoni zina nguvu ya prednisoloni miligramu 5, kwa hiyo sindano ya miligramu 8 ni sawa na prednisoloni miligramu 50 na ushei. Hapohapo weka vidonge vya kunenepa na kuongeza hamu ya kula, ambavyo baadhi yake ni deksamethasoni pamoja na siproheptadini. Dawa za unga zisizo na jina, zinazoondoa maumivu ya viungo kwa usiku mmoja, nazo zimepimwa katika nchi mbalimbali zikakutwa zimetiwa steroidi kwa siri. Dawa isiyo na jina, isiyo na boksi na isiyosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, usiiongeze juu ya prednisoloni. Mwenye kuumwa na utumbo ana mengi ya kupoteza hapo.

Pampu ya pumu usiiache. Kwa kipimo cha kawaida kinachoingia mwilini ni kidogo, na pumu ikikukamata utahitaji steroidi nyingi zaidi. Sukutua mdomo baada ya kuvuta, mtajie daktari, basi.

Nimepata nafuu. Naweza kuacha prednisoloni leo?

Kama umetumia zaidi ya wiki 3, usiache kwa siku moja.

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha, sukari na nguvu za mwili. Ukimeza steroidi kutoka nje kwa wiki nyingi, tezi hizo zinalala. Ukikata dawa ghafla, mwili haupati ya nje wala ya ndani. Mtu anachoka asiweze kusimama, anatapika, tumbo linauma, presha inashuka, akili inachanganyika. Nyumbani watasema malaria, au watasema ugonjwa wa tumbo umerudi, na saa zinapita. Hali hiyo inaua.

Mpango wa kawaida ni kuanza na miligramu 40 na kupunguza miligramu 5 kila wiki, lakini ufuate ulioandikiwa wewe. Ukiwa na steroidi zaidi ya moja, usizipunguze zote siku moja. Hata mwenye kuacha krimu kali aliyoipaka miezi mingi aongozwe na daktari.

Ukipata homa kali, ajali, au ukitakiwa kupasuliwa, mwambie daktari kwamba unatumia au uliacha karibuni; wakati huo mwili unahitaji dozi kubwa zaidi. Andika kikaratasi chenye jina la dawa, miligramu na tarehe ya kuanza, kikae pamoja na kitambulisho chako. Na ukisafiri kati ya Unguja na Pemba chukua dawa za siku kadhaa za ziada. Upepo ukichafuka boti inaahirishwa, na dozi yako haiwezi kungoja bahari itulie.

Duka halina prednisoloni. Nibadilishe kwa steroidi nyengine, kidonge kwa kidonge?

Hapana. Prednisoloni miligramu 5 ni sawa na haidrokotisoni miligramu 20, au methiliprednisoloni miligramu 4. Vidonge vinaweza kulingana kwa ukubwa na rangi, nguvu zikawa mbali kabisa. Pigia simu hospitali au mfamasia akupigie hesabu.

Niliharisha damu, nikapewa prednisoloni bila ya kupimwa choo. Ni sawa?

Kwa visiwa vyetu, mimi sikubaliani na hilo, na nitaeleza kwa nini.

Kuharisha damu si lazima kuwe Crohn au vidonda vya utumbo mpana. Amiba wanatoboa utumbo na kutoa damu ileile. Mgonjwa wa amiba akipewa steroidi, utumbo unaweza kuvimba mpaka ukapasuka. Kifua kikuu nacho kinakaa kwenye utumbo, hasa mwisho wa utumbo mwembamba, mahali palepale Crohn inapopenda, na kwenye kamera vinafanana. Steroidi inampa kifua kikuu nafasi ya kuenea. Kwa hiyo kabla ya kuanza, choo kipimwe, picha ya kifua ipigwe, na inapowezekana kinyama kikatwe kwenye utumbo kikapimwe. Homa ya ini B nayo ipimwe, kwani dozi za wiki nyingi zinaweza kuiamsha.

Halafu kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidi, ambao wengi hawajausikia. Unaingia kupitia ngozi ya mguu kwa mwenye kutembea peku kwenye udongo, na ukishaingia unazaliana ndani ya mtu huyohuyo miaka na miaka bila ya kelele. Siku anapoanza steroidi, kinga inashuka, mnyoo unazaliana kwa wingi, unatoka kwenye utumbo na kuingia mapafuni na mpaka kwenye ubongo, ukibeba bakteria wa choo. Baadhi ya waliofikwa na hayo walikuwa wanaongezewa steroidi wakati huo, kwa kudhaniwa ugonjwa wao wa kwanza umezidi. Hapa ndipo steroidi ya pili juu ya ya kwanza inapogeuka kuwa maafa.

Kipimo kimoja cha choo kinaweza kuukosa. Dozi moja ya albendazoli, dawa ya minyoo inayogawiwa skuli, haiutoshi. Dawa yake ni aivamektini. Pemba ina maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, iliyofanya utafiti wa minyoo kwa miaka mingi, kwa hiyo suala hili si geni kwa madaktari wetu. Kama umelelewa shamba, umelima mpunga au kuchuma karafuu kwa miguu mitupu, liseme kabla hujaandikiwa steroidi. Daktari mwengine ataamua kukupa aivamektini hata kabla ya majibu.

Nimeongezewa azathioprini na salfasalazini. Nazo ni steroidi?

Si steroidi. Kuzitumia pamoja na prednisoloni ni mpango wa kawaida: azathioprini inachukua miezi 2 mpaka 3 kufanya kazi, na prednisoloni inashikilia hali wakati huo. Mesalazini nayo si steroidi. Ila azathioprini inashusha kinga kama prednisoloni, kwa hiyo homa ukiwa na zote mbili si ya kulala nayo nyumbani, na vipimo vya damu usivikose.

Kuna dawa au chakula kinachoongeza nguvu ya steroidi?

Balungi. Juisi yake inazuia mwili kuvunja budesonaidi, na ile asilimia 10 inaongezeka. Chungwa halina tatizo hilo. Dawa za fangasi za kumeza kama ketokonazoli, antibayotiki ya klarithromaisini, na ritonavia inayotumiwa katika baadhi ya dawa za VVU zinafanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Mwenye kutumia ritonavia na budesonaidi, hata ya pampu, anaweza kuvimba uso kama aliyemeza prednisoloni miezi mingi. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: inaivunja prednisoloni haraka, dozi inakuwa haitoshi.

Diklofenaki na ibuprofeni ziache. Zikikutana na prednisoloni zinatoboa tumbo, na zinaweza kuuamsha ugonjwa wa utumbo wenyewe. Kwa maumivu tumia panado.

Ramadhani nifanyeje?

Aliye katikati ya mkurupuko, anayeharisha damu na kupungukiwa maji, ana ruhusa ya mgonjwa iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Asijibebeshe.

Aliyetulia na daktari akamruhusu kufunga, prednisoloni ya mara moja kwa siku inakaa vizuri wakati wa daku, baada ya kula. Ukiimeza wakati wa futari utakesha. Dawa hii inafukuza usingizi. Enima iwekwe usiku wakati wa kulala, ambao ndio wakati wake mzuri hata nje ya Ramadhani. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, kuingiza dawa kwa njia hiyo mchana kunafunguza. Ukitapika na kuishiwa nguvu mchana, fungua, kunywa, meza dawa, nenda hospitali. Kosa la kawaida ninaloliona ni mtu kufidia: mchana kakosa, usiku anameza za siku mbili kwa pamoja, na budesonaidi juu yake.

Sukari na presha vimepanda. Nipunguze nini kwenye chakula?

Steroidi inapandisha vyote viwili, na mbili zinapandisha zaidi. Halua na kashata zipungue, chai ya sukari nyingi ipungue, papa mkavu na ng'onda wa chumvi wapungue. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara ni sababu ya kupima sukari siku hiyohiyo.

Mifupa nayo inalika, tena mapema, ndani ya miezi ya mwanzo. Muulize daktari kuhusu kalsiamu na vitamini D. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mtindi vinasaidia. Mwanamke ambaye ngozi yake haipati jua kwa siku nyingi asidhani kuishi Zanzibar kunamtosha.

Mimi ni mjamzito.

Usiache dawa kwa hofu. Prednisoloni inatumika katika ujauzito pale inapohitajika, na ugonjwa ukikurupuka una hatari kwa mtoto kuliko dozi iliyopangwa vizuri. Ya kunyonyesha nayo ni hivyo. Inayopita kwenye maziwa ni kidogo. Mkunga ajue, sukari ipimwe.

Dalili zipi nisisubiri asubuhi?

Kwenda choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayopita 37.8 au moyo unaopiga zaidi ya mara 90 kwa dakika ukiwa umekaa. Tumbo kujaa na kuwa gumu. Steroidi zinaficha maumivu na homa, kwa hiyo tumbo lililopasuka linaweza kuuma kidogo tu. Mwenye dozi kubwa asipimwe kwa kelele zake. Choo cheusi kama lami. Kutapika mpaka dawa haikai. Kuchanganyikiwa. Kukutana na mwenye tetekuwanga hali wewe hujawahi kuugua, hata kama bado hujisikii vibaya.

Ukifika Mnazi Mmoja, Abdulla Mzee au kituo chochote cha karibu, neno la kwanza liwe: natumia steroidi, hizi hapa.

Nakwenda Hija mwaka huu. Chanjo zina tatizo?

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayotakiwa kwa mahujaji haina kirusi wala bakteria hai, unaweza kuchanjwa. Ya homa ya manjano ina kirusi hai. Mwenye kutumia prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa wiki 2 au zaidi, asichanjwe hiyo mpaka ipite angalau mwezi mmoja tangu kuacha, na baadhi ya madaktari wanataka miezi 3. Kama kuna cheti kinachodaiwa njiani, omba barua ya daktari mapema. Dawa zikae kwenye maboksi yake pamoja na karatasi ya daktari, nusu kwenye mkoba wa mkononi na nusu kwa mwenzako wa safari, kwani begi likipotea uwanja wa ndege hutakuwa na siku za kusubiri.